Pale Sindano Iliporuka

Tiketi riali ishirini na nane, mara tatu.
Nilizilipa kwa simu, jikoni, samaki akiungua,
kisha nikamwambia Mama: Ijumaa tunakwenda
kumwona Muuza Vifungo, mzima, jukwaani,
si ndani ya sahani.

Akaniuliza, "Yule yule?"
Nikasema yule yule.

Tangu Jumatatu nguo zilifukizwa udi.
Tangu Jumanne akanyamaza, na Mama akinyamaza
ni kama friji kuzimika usiku:
unashtuka, hujui umesikia nini.

Ninyi hamumjui Bi Thuwaiba.
Alitoka Unguja na masanduku mawili.
Moja lilipotelea njiani. La pili likafika Matrah,
na kati ya mashuka, sahani ya santuri
aliyopewa na mwalimu wake wa ushoni.
Upande wa pili, wimbo wa nne,
binti anamfuata mpiga tarumbeta mvuani:
*nimekuja kukwambia* —
krr —
*na sasa mvua imekwisha.*
Miaka sitini inaruka hapo hapo.
Kiingereza chake chote kakijenga juu ya sahani hiyo,
na tundu lile limo ndani.

Azzan mwanangu aliendesha kutoka Al-Khudhi.
Akatuteremsha Qurumu, mbele ya marumaru
zilizooshwa hata unaona haya kuzikanyaga.
Ndani baridi ya duka la nyama.
Mama akajifunika shali yangu juu ya buibui lake.

Muziki ukaanza. Nikanyoosha shingo kutafuta wapigaji:
shimoni kiti kimoja, na chupa ya maji.
Fidla, zumari, tarumbeta, vyote vimo kwenye mashine.
Na Muuza Vifungo mwenyewe, ilisema karatasi mlangoni,
anaumwa koo. Badala yake binti mmoja mwema
aliyeangalia miguu yake akihesabu hatua.
Vifungo vya plastiki, vikubwa kama visosa.
Kimoja kikabingiria mpaka ukingoni, kikaanguka,
na hapo tu watu wakacheka kwa moyo.

Mama hakucheka. Alikuwa akihesabu nyimbo
kwa vidole, kama avutaye tasbihi.
Wa kwanza.
Wa pili.
Wa tatu, nusu.
Kisha ikashuka theluji ya karatasi, watu wakaoana.

Wa nne wameuruka.

Akaniegemea, pumzi yake ina karafuu.
"Shinuna," akasema, "hata hawa?"

Watu walisimama kupiga makofi. Nikasimama nami,
kwa aibu ya riali themanini na nne.
Mama alibaki kitini, mkoba mapajani,
akiutazama ule mtambo ulioandika tafsiri
kana kwamba huenda ukaongeza mstari.

Nje joto likatupokea kama jamaa.
Azzan akasimama kwenye kibanda cha karaki, akapiga honi,
kijana akaleta vikombe vitatu vya karatasi.
Nikaanza kuomba radhi: wamefupisha, Mama, siku hizi
kila kitu wanafupisha. Akapuliza chai.
"Mimi pale nilishatia langu zamani."
"Lako lipi?"

Akaimba. Sauti ya pumu, Kiingereza cha sahani:
amekuja kumwambia
kuwa mkate wa ufuta umebaki mmoja,
na sasa mvua imekwisha.

Azzan alicheka mpaka chai ikamwagikia usukani.
Mama naye akacheka, kidogo, kwa pua.
Kisha akageukia dirisha, palipokuwa na taa za Lulu
na mtu anasukuma toroli tupu.
"Lakini nilitaka," akasema, "kusikia alimwambia nini."

"Bibi, nikutafutie?" Azzan kashaitoa simu.
"Maneno yote yamo humu. Sekunde moja."

Akamshika mkono, ule wenye simu,
akaulaza juu ya goti lake mwenyewe,
kioo kikiangalia chini.

"Nimesema kusikia," alisema.
"Endesha."