Mistari ya Mafiati

Bwana Mwashiuya wa mipango
alinikabidhi daftari, kalamu mbili, posho ya siku tatu:
Kaa Mafiati, hesabu baiskeli.
Jiji linaomba cheti,
cheti cha jiji linalozijali baiskeli,
na wenye cheti, huko waliko, wanataka idadi.

Fomu ilikuwa na vyumba viwili:
ANAYEENDESHA. ATEMBEAYE KWA MIGUU.
Rahisi, nikasema moyoni.

Saa kumi na mbili na robo, mwezi wa Juni,
ukungu umeketi barabarani kama mkwe asiyeaga,
Loleza haionekani,
wa kwanza akatokea ameinama,
magunia mawili ya viazi nyuma,
la tatu limelazwa juu yake kama mgonjwa.
Anasukuma. Anatoa moshi kuliko Fuso.
Nikaiuliza fomu: huyu ni nani?
Haendeshi.
Lakini hatembei pia; atembeaye hana breki mkononi.
Nikamchora katikati,
juu ya ule mstari unaovitenga vyumba,
na hapo ndipo hesabu yangu ilipoanza kuharibika.

Maana huku kwetu baiskeli ni zamu:
kwenye mteremko inakubeba, kwenye mlima unaibeba,
na deni halilali.

Tusekile alishuka kutoka Igawilo na madumu manne ya maziwa,
suruali ya kaka yake chini ya kitenge,
breki yake kisigino,
kandambili imelika upande mmoja hadi kuona lami.
“Unaandika nini?”
“Nakuandika wewe.”
“Andika na pancha. Ya jana, ya juzi. Andika miiba.”
Nikapekua fomu mbele na nyuma.
Chumba cha miiba hakuna.

Siku ya pili wakaja vijana na ndoo za rangi nyeupe.
Wakachora njia, na ndani ya njia
picha ya baiskeli isiyo na mnyororo.
Ikaenda vizuri hatua mia mbili na kumi na nne
(nilizihesabu, ndiyo kazi niliyopewa),
ikafika kwenye kalvati lisilo na mfuniko,
ikakata kauli.
Kufika saa sita mama mmoja ametandaza maparachichi,
kayapanga kwa kufuata mstari, kwa adabu kabisa.
“Hapa pamenyooka,” akasema,
akanisogezea moja lililobonyea.

Ambakisye fundi, mikono ya grisi,
alikuwa akinyoosha rimu huku akinisikiliza.
“Hicho cheti kikija kitatundikwa wapi?”
“Ofisini.”
“Ghorofa ya ngapi?”
“Ya tatu.”
Akapuliza vumbi kwenye spoki.
“Basi nacho kitapandishwa kwa miguu.”

Jioni ndiyo ilinishinda.
Wanarudi watupu, wanashuka kutoka Soko Matola,
magunia yamekunjwa chini ya makalio,
mashati yamejaa upepo, taa hakuna hata moja,
wanapita kabla kalamu haijagusa karatasi.
Nikasikia kengele, nikaandika kengele.
Nikasikia mtu akicheka gizani kwa kasi,
nikaandika kicheko.

Wanaoendesha: mia sita na kumi na moja.
Watembeao: sikumbuki.
Katikati: mia tisa na arobaini.

Bwana Mwashiuya alivua miwani.
“Hawa wa katikati ni akina nani?”
Nikaanza kueleza viazi, mlima, breki mkononi.
“Tuwaweke kwa wanaoendesha,” akasema,
na kweli, jumla ikapendeza.
Akagonga muhuri.
Kalamu moja akasahau kuidai.

Usiku ule, narudi nyumbani kwa kupitia Kabwe,
kitu kikanipita ubavuni, chuma na upepo,
kengele mara moja tu, kama mtu anayekohoa mlangoni.
Nikapapasa kwapani: daftari nimeshakabidhi.
Nikatoa kalamu,
nikachora mstari kiganjani.