Dumu la Lita Tano

Walipolitoa rovu shingoni mwangu
walitoka nazo, bila kukusudia,
tezi nne, kila moja punje ya mchele.
Sikuwahi kuzijua. Nani huwajua
watu wa zamu ya usiku
mpaka usiku wasiokuja?

Siku ya tatu midomo ikanichonyota kama soda.
Ya tano, nikiwa cherehanini, Mtaa wa Mchikichi,
vidole vikajikunja vyenyewe juu ya satini ya mteja,
gumba likalala kiganjani, mkasi ukaanguka.
Mwanaheri akasema: hao ni wa kibanda cha pili,
wanakuonea gere.

Dokta Lyatuu hakubisha. Alinifunga mkanda wa presha,
akaujaza, akangoja dakika tatu;
mkono wangu ukajifumba ukawa mkono wa mkunga
unaotafuta kichwa cha mtoto.
"Kalsiamu," akasema. "Unaikojoa."

Nikapewa dumu. Mkojo wa alfajiri ya kwanza umwage,
wa alfajiri ya pili ukinge, usipotee hata tone.
Kutoka Buguruni hadi Muhimbili nimelipakata kwenye bajaji,
nimelifunga kanga.
"Mama, hiyo juisi ya ukwaju?"
"Hesabu," nikamjibu. "Ni hesabu."

Nyuma ya cheti akanichorea mfereji
mwembamba kuliko uzi wangu wowote.
Kalsiamu nyingi, alisema, hurudi mapema,
zikifuata chumvi na maji, haziulizwi.
Zinazobaki mwishoni ni chache,
na hapo ndipo penye ubishi.
Ukutani mwa seli kuna kitundu cha protini:
hupita moja, halafu moja.
Ndani haiachwi izurure, itazua fujo;
protini nyingine huipakata, huivusha
hadi mlango wa uani. Huko pampu huisukuma damuni
kwa kulipia, na jirani yake hubadilishana:
sodiamu tatu ndani, kalsiamu moja nje.
Nikacheka. Tatu kwa moja!
Huyo kajifunza biashara Kariakoo.

Na nani hukishika kitundu kisijifunge?
Hapo kalamu yake ikasimama.
Zile punje nne. Ujumbe wao hupita damuni,
hubisha hodi mgongoni mwa seli, wala hauingii;
wa ndani huisikia, humnong'oneza mwingine,
naye mwingine, hadi fosfeti moja
inabandikwa pale kitunduni, mshono mmoja tu,
kikakaa wazi.

Kwangu hakuna anayebisha.

Sasa nameza vidonge vya chokaa, na kingine, kidogo, cha mafuta,
ambacho huingia hadi kwenye kiini, hufungua daftari la vipimo,
huagiza vitundu vipya, wapakataji wapya.
Kinasaidia. Hakijui kubisha hodi.

Basi nabisha mwenyewe. Kila asubuhi, mbele ya kioo,
kabla sijatia uzi sindanoni,
nagonga shavu kwa kidole, hapa, mbele ya sikio.
Mdomo ukiruka, naongeza kidonge.

Leo umetulia.
Nina vifungo kumi na viwili vya shati la bwana harusi,
na matundu yake bado sijayatoboa.