Hati ya Thamani

Kwanza usiuguse. Unuse.
Mti wa kweli wa manyoya hunuka kafuri,
vumbi la sanduku, na kwa mbali sana, bata.
Ndipo uuinue kwa kitako chake cha mbao,
uusikilize: waya mzima haulii,
waya ulioliwa na kutu hulia
kama mlango wa jirani mwenye siri.
Hayo nimejifunza mwenyewe, miaka kumi na tisa,
hapa Kamalondo, nyuma ya duka la vifungo,
mimi Musau, ambaye mtaa wote huniita
Mama Noeli, hata mwezi wa Julai.

Ninayo minne kabatini.
Mmoja niliuona soko la Kenya
chini ya rundo la viatu visivyo na wenzao,
nikaulipia bei ya ndoo ya unga wa bukari.
Mmoja waliniachia masista.
Miwili iliyobaki siisemi;
nilibishania bei hadi nikaona haya.

Watu huuliza: huu nao ni mti?
Nawajibu: huu haukutuliwa na ndege hata siku moja.
Ndege ndiye mti.
Bata bukini wa nchi ya baridi walinyonyolewa,
manyoya yakapasuliwa utini, yakatiwa kijani,
yakaviringishwa kwenye waya, unyoya kwa unyoya,
na wanawake ambao hakuna aliyeandika majina yao.
Kisha meli, kisha treni, kisha joto la Katanga,
mezani kwa injinia fulani aliyeota theluji.

Jumanne, mvua ikiwa imekata umeme,
akaja mzee Mutonkole, mstaafu wa kiwanda cha shaba,
na mti ndani ya mfuko wa saruji.
Baba yake alikuwa mpishi wa injinia.
Wazungu walipoondoka mbiombio, mwaka ule wa sitini,
walibeba sahani, wakaacha mti.

Nikawasha mshumaa, nikavaa miwani, nikahesabu.
Matawi thelathini na moja.
Kumi na mawili yalivunjika, yakafungwa tena
kwa waya wa shaba, mwekundu, safi,
ule ambao hautoki kiwandani ila ndani ya soksi.
Palipokuwa na upara, manyoya ya kanga,
madoadoa yakichungulia chini ya wino wa shule.
Nchani, badala ya matunda ya nta,
mbegu za mtipitipi, kila moja na jicho lake jeusi.

Hesabu yangu haina huruma:
mti wenye kiraka hupoteza nusu.
Wenye kiraka cha kanga, sijui,
hakuna aliyewahi kuniuliza.
Nikataja dola arobaini, nikimpendelea.

Hakushtuka. Akafuta meza kwa kiganja.
Mama, siuzi, akasema.
Nimegawa nyumba. Watoto sita, na kila mmoja ana daftari.
Friji imo. Mabati yamo. Hata kuku wamo.
Huu hawajauandika.
Nikifa leo, kesho uko jalalani.
Niandikie karatasi, piga muhuri,
weka bei watakayoiogopa.

Miaka kumi na tisa sijaandika bei ya uongo.
Nikachukua kalamu, nikaanza mbali, kitakoni,
nikipanda polepole, yeye akinitajia:
Tawi la saba: shaba, mkono wa baba, Noeli ya vita.
Tawi la tisa: kanga aliyeitwa Waziri,
aliliwa siku ya ubatizo wa Kapend.
Tawi la kumi na nne: mama aliliangukia akicheka.
La ishirini: hakumbuki. Andika hivyo, akasema,
andika kwamba sikumbuki.
Ukurasa ukajaa, nikageuza.
Mshumaa ukafika kiunoni.

Tulipofika mstari wa bei
umeme ukarudi ghafla, sote tukafumba macho.

Muhuri niliupiga juu ya namba.
Wino ulikuwa mwingi.
Atakayesoma atadhani sifuri zimejificha humo.