Nukta-Mkato Tatu

Mwenyekiti Semkiwa kasema: chapa yote,
ibandikwe ukutani kabla ya mkutano,
kila mwanachama auone mkopo wa mwenzake.
Uwazi, kasema, na kidole juu.

Yote?
Safu A ni majina, hiyo haina neno.
B ni shilingi, C tarehe, D marejesho,
na humo aibu imo, lakini ni aibu ya kawaida,
ya kudaiwa; nani Ngamiani hadaiwi?
Ila safu E.
Safu E niliiandika mimi, kwa vidole hivi,
watu wameegemea meza yangu
na sauti wameishusha mpaka ndani ya kanga.

Mstari wa tisa: dhamana, kituo cha Chumbageni, mume.
Wa kumi na nne: kijana kacheza kamari ada ya chuo.
Wa ishirini na mbili, Mwanatumu Shekiondo,
laki moja na themanini:
mtoto, Bombo, siku tatu. Na sanda.
Mtaani wanajua alikwenda Pongwe kumuuguza shangazi.

Kufuta siwezi. Mkaguzi anakuja Novemba
na macho yake ya kuchagua mchele.
Kuondoa safu nzima siwezi, Semkiwa vichwa vya fomu
anavihesabu kama kuku jioni.
Herufi nyeupe nilijaribu mwaka juzi:
kwenye mistari ya kijivu ziling'aa kama meno gizani.

Basi usiku ule, feni ikizunguka kwa kulalamika,
nikazichagua seli zote za E, nikafungua fomati,
nukta-mkato, nukta-mkato.
Mbili huzima tarakimu tu.
Ya tatu ndiyo inayozima maneno.
Nikaiweka ya tatu.

Zikaondoka.
Hazikufa: ukigusa seli, neno linachungulia
kwenye kile kisanduku cha juu, zima, halijapoteza herufi.
Aliyenyamaza si aliyesahau.
Na jumla kule chini haikutikisika hata senti.

Asubuhi, dukani kwa Shekue, Barabara ya Kumi na Tatu,
karatasi ikatoka na joto lake.
"Karani, printa imeruka safu."
"Haijaruka."
Akaitazama karatasi, akanitazama mimi,
"Mia tano kwa kurasa. Ile nyeupe sikutozi."

Darasani Makorora, saa nne, gundi haijakauka,
Semkiwa akavaa miwani.
"Sababu," akasoma. Akashuka. Akapanda.
"Sababu, halafu hakuna sababu?"
Jibu sikuwa nimeliandaa, wallahi lilijitokea:
"Wajaze wenyewe, mwenyekiti. Kwa uwazi."

Kalamu ilikuwa moja, ya kamba, ile ya mahudhurio.
Biashara.
Biashara.
Bati.
Biashara.
Wa mstari wa tisa akaandika *harusi*
akacheka peke yake, mkono mdomoni.
Wa kumi na nne akauliza kama "biashara" ina h.

Mwanatumu alisimama pale kitambo.
Kidole kikatafuta mstari wake, kikaufikia,
kikapita juu ya ule weupe taratibu,
hivyo hivyo mtu anavyopima homa.
Nyuma yake foleni ikaanza kukohoa.
Kisha akaandika neno moja, herufi kubwa,
kalamu akaikabidhi, akaenda kuketi dirishani.

TUNU.

"Tunu ni biashara gani?" mtu akauliza.
"Labda jina la duka," mwingine akajibu,
na mkutano ukaendelea na ajenda ya pili, maturubai.

Mimi nilirudi kwenye faili jioni ile
nikagusa E ishirini na mbili.
Mtoto, Bombo, siku tatu. Na sanda.
Mimi niliuliza sababu.
Jina sikuuliza.

Karatasi ingali ukutani, pembe moja imebanduka.
Safu E imejaa wino wa bluu toka juu mpaka chini
isipokuwa mstari wa thelathini na moja.
Huo ni wangu.
Kalamu ilinipitia mara mbili.