Duru Thelathini na Tatu

Alhamisi usiku, Wadi Kabir, ghorofa ya tatu.
Kiyoyozi kinadondosha maji ndani ya ndoo ya rangi
nami nimetandaza Mombasa juu ya meza ya kulia.
Ramani nimeichora mwenyewe, kwa mkono uliozoea
kupima mifereji ya manispaa.
Duka la Ruwi limeichapa kwa rial nne na baisa mia tano,
bahari ikatoka kijani kuliko nilivyoomba.

Katikati ngome: Wareno, na watu wa Faza
waliojifungia nao, wake kwa watoto.
Komwe ishirini.
Nje, jeshi la Oman: komwe sabini,
na mitaro, na merikebu, na wakati.
Duru thelathini na tatu, kila duru mwezi,
kama vitabu vinavyohesabu.

Shemeji yangu Muhenna hupenda kuzingira.
Mwachiro, fundi wa lifti, mzaliwa wa Likoni,
kapewa ngome mara tatu, kafa nayo mara tatu.
Leo kaiweka dadu chini, kapangusa vidole vyenye tende.
"Dada Zuwena, mchezo wako mzuri,
ila ni lifti inayoshuka tu.
Nipe kitu. Nipe meli za Goa zifike mapema.
Bao lina haki: kete thelathini na mbili kwako,
thelathini na mbili kwangu, atakayenifunga
kanifunga kwa akili."

Muhenna akacheka. "Bao lilizingirwa lini?
Ukimpa meli, hiyo si Mombasa tena, ni ligi ya mpira.
Asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Kushindwa nakubali," akasema Mwachiro.
"Nakataa kushindwa kabla sijakaa."

Nikanyamaza, nikamimina kahawa.
Bibi mzaa mama ni wa Kuze,
babu mzaa baba aliondoka Rustaki.
Nikisema "sisi" mezani hapa
sijui kidole nikielekeze wapi.

Na hiyo haki nilishaijaribu, usiku, peke yangu.
Niliongeza meli mbili. Kisima nikakijaza.
Tauni nikaipunguza ikawa kama mafua.
Ngome ikasimama mpaka mwisho, pande zikalingana,
nami nikaona haya
kama mtu aliyesahihisha barua ya marehemu.

Mizani niliyofundishwa mimi ni ya shairi:
nane kwa nane, silabi moja ikipotea mstari unachechemea.
Vita hivi vinachechemea tangu mwezi wa kwanza,
na waliokuwamo walivitembea vivyo hivyo.

Nikachukua kalamu, nikaandika pembeni mwa bahari:
*Ngome itaanguka. Tunahesabu miezi.*
Kila mtu atakaa ndani mara moja.
Atakayedumu zaidi, ndiye.

"Kwa hiyo nashinda nikiwa nimekufa?" Mwachiro akauliza.
"Ukichelewa kufa."
Akatafakari. "Hiyo naielewa. Nina mkataba kama huo."

Akaingia kwanza. Akala panya, akachoma milango kuni,
akafika mwezi wa ishirini na sita.
Kisha wakabadilishana viti, na Muhenna,
kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu,
akaitazama ngome kutoka ndani.

Duru ya kumi na moja, tauni. Dadu ikasema sita.
"Sita? Zote?"
"Zote."
"Na hizi ndogo, ulizozipaka chokaa?"
"Hao watoto. Nao."

Akatoa tano. Ya sita akaishika ngumini
muda mrefu, kama mtu aliyesahau zamu ni ya nani.
Mwachiro, mwenye komwe sabini, hakumharakisha.
Alikuwa akiangalia mlango wa ngome,
mdogo kuliko ukucha wangu.

Muhenna alianguka mwezi wa kumi na tisa.
Akadai dadu ilikuwa na pembe mbovu.
Akadai marudio, wiki ijayo, ndani tena.

Labda haki ni zamu tu. Sina hakika;
nikilala hesabu inanigeukia,
sabini kwa ishirini, sabini kwa ishirini.
Asubuhi nilikuta ndoo imefurika,
maji yamefika mguu wa meza,
na komwe moja nyeupe juu ya kiti cha Muhenna,
haikurudishwa boksini.