Foleni ya Usiku

Hapa palikuwa kiwanda cha tumbaku.
Bibi yangu Argia alisokota sigara meza ya kumi na moja,
elfu moja kila zamu, akihesabu kwa midomo bila sauti,
na jioni harufu ya vidole vyake ilibaki kwenye mkate.
Meza hazipo tena. Pana makabati meusi, safu kwa safu,
na mabomba yapitishayo maji mgongoni mwao
kuyapoza jasho lisiloonekana.

Mimi si mwanafizikia. Nilisoma ufundi,
Taasisi ikaniajiri kulinda foleni:
nani aingie kwenye mashine, nani angoje,
nani kala saa za mwenzake.
Watu hudhani fizikia ni chaki na nywele timutimu.
Hawajaona chembe zikigongana
zinavyoacha vumbi la namba,
na vumbi hilo lazima lipepetwe,
lipepetwe tena, hadi ibaki punje moja.
Pengine isibaki.

Wakongwe wetu husimulia, vikombe vya kahawa mkononi,
walivyokosa kompyuta ya kuwatosha
wakaunda yao, vipande vimetandazwa sakafuni,
waya zimefungwa kwa uzi wa kushonea.
"Hatukuwa mafundi," husema Delfo Zanarini.
"Swali lilikuwa kubwa kuliko chombo. Basi."

Swali lake: protoni inapata wapi uzito?
Miaka ishirini na sita analo. Mkewe alishaacha kuuliza.
Siku moja alinieleza kwenye ngazi, lifti ikiwa mbovu:
vilivyomo ndani yake, ukivipima kimoja kimoja,
ni vyepesi, karibu na bure.
Uzito wote uliobaki
ni wa kule kushikana.
Akapanda ngazi mbilimbili kama kijana,
nikabaki nimeshika chuma cha ngazi.

Usiku ule wa Mei kazi yake ilifika mbele.
Siku kumi na tisa alingoja.
Saa tano na robo ikaanza kukimbia, nodi mia nane,
sakafu ikitetemeka kidogo chini ya viatu vyangu.
Nje mvua, siku ya pili bila kuvuta pumzi.

Saa saba simu ikalia. Mwanamke wa idara ya mito,
sauti kavu kama mtu asiyelala:
"Mto umevuka alama ya tatu. Tunataka mashine.
Tujue maji yatafika wapi kabla hayajafika."

Kanuni yaniruhusu kumtoa mtu.
Haisemi nimwambieje.

"Delfo, nahitaji nodi zako."
Kimya. Mvua ilisikika hata kwake.
"Ngapi?"
"Zote."
"Iko wapi sasa, hesabu?"
"Asilimia sitini na moja."
Akakohoa.
"Zima. Usipoteze dakika kuihifadhi."

Nikazima.
Mashine ileile, umeme uleule,
iliyokuwa ikipima kisichoonekana
ikageuka kupima matope.
Ramani ikachorwa kwenye kioo changu, mtaa kwa mtaa,
buluu ikipenya vichochoro nilivyochezea,
ikapita duka la viatu, ikapita kanisa,
ikasimama juu ya nyumba ya kaka yangu Nevio.
Sikumpigia yeye. Niliituma ramani kwa wenye ving'ora,
kwa sababu mtaa ule una watu mia nne,
kisha nikakaa juu ya mikono yangu.

Asubuhi Delfo aliingia na viatu vinavyolia maji.
Hakuuliza asilimia. Hakuomba apewe kipaumbele.
"Niandike mwisho wa foleni," alisema,
na nikamwandika: nafasi ya arobaini na tatu,
nyuma ya kijana wa mihula miwili
aliyekosea kuandika jina lake mwenyewe.

Saa tatu Nevio akapiga.
Alilalamika dakika nzima
kuhusu pikipiki yake.
Nikamwacha alalamike.