Kibandiko cha Kijani

Nilikibandika mimi mwenyewe, mgongoni mwa kitabu:
kijani, yaani cha vijana.
Jaladani yumo binti mwenye utepe mwekundu
na theluji inayometa kama sukari.

Ndani, kufikia ukurasa wa arobaini,
wanatwanga magome ya msonobari
wapate unga.
Kichanga hakifiki sura ya tano.
Farasi naye analiwa.
Kisha kurasa tatu nzima za njia tu,
njia nyeupe,
na waliojilaza kando yake kupumzika
wasiinuke.

Vieno, miaka kumi na mitatu,
alikiazima Jumatatu, Jumatano akakirudisha,
kope zimevimba, soksi zimelowa.
Nikajiandaa kuomba radhi.
"Kipo kingine," nikasema, "cha kuchekesha. Kina mbwa."

Akanitazama kama unavyomtazama
mtu anayetaka kukutafunia chakula.
"Yule mama alipogawa mkate,
alikata na kipande cha marehemu.
Mbona mwandishi hasemi kwa nini?"

Nje, gari la kusukuma theluji lilipita,
likageuka, likapita tena.
Mimi bado natafuta jibu.
"Basi nipe cha mbwa," akasema, kwa huruma,
akaondoka bila kukichukua.

Nilipokikagua, kama kanuni za maktaba ya Kajaani zitakavyo,
ukurasa wa arobaini ulikuwa na makombo
ya biskuti ya mdalasini.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, ni kweli.
Lakini huyu alikesha naye.

Sikuyapangusa.